Mpiganaji anatesa levo 5, mchawi anatesa levo 50: namna ya kupanga klasi za geimu zisizidiane

Geimu yetu ni ya maandishi tu, haina picha, mtu anacheza kwa simu yoyote na bando dogo linamtosha. Wachezaji thelathini arubaini hivi, wengi Chake na Wete na wachache wako Unguja, tukaifungua kabla ya Ramadhani tukijua watu watacheza baada ya tarawehe. Wiki ya kwanza raha tupu. Wiki ya tatu nikaangalia orodha ya wachezaji nikashika kichwa: levo za chini wote wapiganaji, levo za juu wote wachawi, na waganga watatu tu, tena wawili ni wadogo zangu niliowalazimisha.

Nimekaa na hili tatizo muda mrefu, nimefuta fomula nimeandika upya mara sijui ngapi, kwa hiyo hapa naandika njia nzima kama nilivyoipita ili wewe unaetengeneza yako usirudie ujinga wangu. Mifano yote ina klasi tatu, yaani aina za wahusika anazochagua mchezaji: mpiganaji, mchawi na mganga, na levo 1 mpaka 50. Ukiwa na klasi nane hesabu ni ile ile ila jasho zaidi.

Kwanza ujue ugonjwa unatoka wapi

Ugonjwa huu mkongwe. Dungeons & Dragons (geimu ya mezani ya kuigiza wahusika) ilipotoka Marekani mwaka 1974, mchawi wa levo ya kwanza alikuwa na uchawi mmoja tu kwa siku, akishautumia khalas, anasimama nyuma ya wenzake kama mzigo. Akivumilia akafika levo za juu anakuwa yeye ndio geimu, mpiganaji anambebea mizigo. Kila alotengeneza geimu za mtandao baadae alirithi hilo, wengine wakalipigania, wengine wakaliacha wakasema ndio utamu wenyewe.

Mimi siukubali utamu huo. Kumwambia mtu ateseke levo 20 ndio ale raha ni kumkopa, na wengi wanaondoka kabla hujawalipa.

Anaejua bao la kiswahili ataelewa haraka. Bao lina namua halafu mtaji. Kwenye namua kila mmoja anaanza na kete 10 ubaoni na 22 ghalani, anatia moja moja, zikiisha ghalani mnaingia mtaji na mnacheza na zilizomo mashimoni tu. Ni mchezo mmoja lakini akili zinabadilika kabisa, na kuna watu mafundi wa namua wakiingia mtaji wanapotea njia. Hakuna anaesema bao bovu kwa sababu hiyo, maana kete walikuwa nazo sawa, alokosea ni mchezaji. Kwenye geimu yako mchawi wa levo 3 hajakosea kitu yakhe, wewe ndie uliempa kete chache.

Hatua ya 1: andika pigo la kila klasi kwa levo, uone umbo lake

Usianze kubadilisha kitu. Fungua Excel au hata daftari la skuli, andika levo 1, 10, 30 na 50, halafu hesabu pigo moja la kila klasi, yaani linapunguza uhai wa adui kiasi gani. Zetu za mwanzo zilikuwa hivi: mpiganaji ni 10 + 3 × levo. Mchawi ni (4 + 2 × levo) × (1 + 0.05 × levo), kwa sababu akili yake inapanda na levo na nguvu ya uchawi wenyewe pia inapanda na levo, ikaonekana ni jambo la maana kuzidisha.

Levo 1: mpiganaji 13, mchawi 6.3
Levo 10: mpiganaji 40, mchawi 36
Levo 30: mpiganaji 100, mchawi 160
Levo 50: mpiganaji 160, mchawi 364

Umeona? Anaanza nusu ya mwenzake anamaliza zaidi ya mara mbili yake. Na sikukusudia! Nilichofanya ni kuzidisha vitu viwili ambavyo vyote vinakua na levo, na vitu viwili vinavyokua ukivizidisha havipandi kwa mstari, vinapanda kwa mraba. Mpiganaji kitu chake kimoja kinapanda ngazi moja moja kama mzee, mchawi anapanda na lifti. Kwa hiyo kabla ya yote pitia fomula zako zote utafute wapi levo imeingia mara mbili. Na inajificha: levo inaongeza akili, akili inaongeza pigo, akili hiyo hiyo inaongeza nafasi ya pigo kubwa, halafu fimbo ya levo ya juu inazidisha tena, hapo imeshaingia mara nne na wewe unadhani umeandika mara moja.

Tiba ni kuacha levo iingie mahali pamoja tu na vitu vingine viwe na mipaka. Mchawi mpya nilimpa 12 + 3.6 × levo. Gawanya kwa pigo la mpiganaji utapata 1.2 kwenye kila levo, ya kwanza mpaka ya hamsini, yaani siku zote anapiga zaidi kwa asilimia 20 na analipa hiyo 20 kwa uhai mdogo.

Hatua ya 2: acha kulinganisha mapigo, hesabu pambano linachukua mapigo mangapi

Hapa ndio penye kazi yenyewe, soma polepole.

Pigo peke yake halisemi kitu. Pigo 160 ni kubwa au dogo? Inategemea unampiga nani. Namba ya kushika ni idadi ya mapigo mpaka mtu aanguke. Tukampa mpiganaji uhai 60 + 20 × levo na mchawi 40 + 12 × levo. Sasa hesabu. Mpiganaji kumuangusha mchawi: levo 1 ni 52 gawa kwa 13, mapigo 4. Levo 50 ni 640 gawa kwa 160, mapigo 4. Mchawi kumuangusha mpiganaji: levo 10 ni 260 gawa kwa 48, inakuja 5.4 yaani mapigo 6, na levo 50 ni 1060 gawa kwa 192, 5.5, bado 6. Namba zimekua zaidi ya mara kumi lakini pambano ni lile lile.

Kwa fomula ya zamani mchawi alihitaji mapigo 13 levo ya kwanza na 3 tu levo ya 50. Ndio ile orodha niliyoiona wiki ya tatu.

Sasa utauliza, 4 kwa 6 si mchawi anaonewa? Hapana, kwa sababu mchawi anapiga kwa mbali. Kwenye geimu yetu mpiganaji anatumia zamu mbili kumfikia, kwa hiyo mchawi ana mapigo mawili ya bure, na 6 ukitoa 2 ni 4. Wako sawa. Alieangalia mchezo wa ng'ombe kwetu Pemba anajua hili bila hesabu, yule kijana na kitambaa hana nguvu za kushindana na fahali, alichonacho ni nafasi, akipoteza nafasi anapaa.

Na nafasi hiyo ndio inayovunjika levo za juu bila namba yoyote kubadilika. Sisi levo 20 tulimpa mpiganaji mbinu ya kurukia adui, anaruka zamu hiyo hiyo. Kila mtu akashangilia. Siku mbili baadae hakuna mchawi anaeshinda pambano, maana mbinu ile ilifuta mapigo mawili ya bure, ikabaki 4 kwa 6 kavu. Tukakesha tunaongeza pigo la mchawi kumbe pigo halina kosa. Tulichotakiwa ni kumpa mchawi mbinu ya kuponyoka, levo 20 hiyo hiyo au 21. Kwa hiyo kila mbinu mpya usiipe thamani kwa maneno, ipe thamani kwa mapigo: kurukia ni mapigo 2, kumgandisha adui zamu moja ni pigo 1, kuponyoka ni 2. Andika safu ya pili kwenye Excel yako, jumla ya mapigo ya mbinu kwa kila klasi kwa kila levo, na pakionekana pengo la levo nne tano mmoja ana 5 na mwenzake ana 2, hapo ndipo malalamiko yatatoka hata kama pigo na uhai umepanga kama sala.

Hatua ya 3: jihadhari na namba ndogo za levo za chini

Hili lilitula wiki nzima. Pigo la mchawi levo 1 ni 15.6. Programu yetu ilikuwa inakata nukta kwa kupandisha, ikawa 16. Uhai wa mpiganaji ni 80. Gawa: 80 kwa 16 ni 5 kamili! Mchawi akawa anahitaji mapigo 5 badala ya 6, na mawili ya bure yakamfanya atawale levo ya kwanza, kwa sababu ya nukta nne ndogo. Tukageuza iwe inakata kwa kushusha, 15, yakarudi 6.

Upande wa pili mpiganaji kakaa kwenye ukingo: 52 kwa 13 ni 4 juu ya mstari. Ukimpunguzia pigo moja tu akapiga 12, mapigo 4 ni 48, hayatoshi, anahitaji 5. Umepunguza asilimia 8 ukidhani ni kidogo na pambano limerefuka kwa robo. Levo 50 kupunguza moja kwenye 160 unaingia ukingo huo huo, ila pale silaha na bahati zinaficha, levo 1 mtu hana kitu mwilini kwa hiyo anaiona. Dawa rahisi ni kuzidisha namba zote kwa 10 tangu mwanzo, pigo 130 na uhai 520, nukta zinapoteza makali, na dawa ya pili ni kuweka bahati kwenye pigo, kama asilimia 15 juu na chini, ili ukingo uwe mteremko.

Deraya

Deraya ina njia tatu na mbili zinakuchimbia shimo.

Ukiitoa moja kwa moja, pigo kutoa deraya, basi deraya ya 12 levo ya kwanza inamfanya mpiganaji wa pigo 13 ajeruhi 1, pambano halimaliziki mpaka alfajiri, na levo 50 deraya hiyo hiyo haina habari. Ukiifanya asilimia zinazojumlishwa, kutoka 0 kwenda 5 mtu haoni kitu, lakini kutoka 90 kwenda 95 umemfanya adumu mara mbili, kwa hiyo kila mtu levo za juu atakimbilia asilimia za mwisho na geimu itakufa kwa ubutu. Njia ilonisaidia ni ile inayotumika kwenye geimu ya League of Legends: pigo linazidishwa kwa 100 gawa kwa (100 + deraya). Deraya 100 unakula nusu, 200 theluthi, 300 robo. Kila pointi ya deraya inaongeza udumu kiasi kile kile, haifiki kikomo wala hairuki.

Ila usiifanye deraya ipande na levo halafu na uhai pia upande na levo, maana umerudi hatua ya 1, vitu viwili vinazidishwa. Deraya itoke kwenye mavazi tu na uiwekee mpaka.

Hatua ya 4: mganga

Mganga mgumu kuliko wote na hapa watu wengi wanakosea kwa huruma. Akiponya zaidi ya adui anavyopiga, pambano haliishi milele. Akiponya kidogo mno, hakuna anaemtaka kwenye kundi. Kanuni yangu: kwa zamu moja asiponye zaidi ya nusu ya pigo la mpiganaji mmoja wa levo yake. Yaani 5 + 1.5 × levo, levo 10 anaponya 20, levo 50 anaponya 80. Hivyo mtu mmoja hawezi kumuangusha haraka aliye na mganga, lakini wawili wakishirikiana wanaweza, na hapo ushirikiano unapata maana.

Usiponye kwa asilimia ya uhai. Inaonekana nadhifu lakini inamfanya mpiganaji mwenye uhai mkubwa aponywe uhai mwingi kuliko mchawi mwenye uhai mdogo, na waganga wote wataishi na wapiganaji tu, wachawi watakufa peke yao kama watoto wa kambo.

Jambo jingine la mganga ni levo za chini, anacheza peke yake! Kundi linapatikana levo 15 huko, kabla ya hapo yeye na panya wa msituni. Kwa hiyo lazima awe na pigo la kumfikisha huko. Sisi tulimpa dua moja inayopiga na kuponya pamoja, ndogo, inayofifia taratibu baada ya levo 15. Baada ya hapo wale wadogo zangu wakaacha kunilaumu.

Hatua ya 5: mpe kila mtu kitu chake mapema

Hatua hii sio ya hesabu, lakini kama ningeambiwa nifanye hatua moja tu ningechagua hii. Mpaka levo 5 kila klasi iwe na mbinu moja ambayo wengine hawana na inayoonekana. Mchawi wa levo 3 anaepiga sawa na mpiganaji lakini kwa kubofya kitufe kile kile si mchawi, ni mpiganaji aliechoka. Dungeons & Dragons yenyewe mwaka 2008 kwenye toleo la nne waliweka klasi zote kwenye mpangilio mmoja, kila mtu mbinu idadi sawa, usawa ukapatikana, na watu wengi wakalalamika kwamba klasi zote zina ladha moja. Urojo usiotiwa ndimu ni uji wa manjano tu.

Mana, yaani nguvu anayoitumia mchawi kila akipiga uchawi, nayo iangalie hapa. Levo za chini mchawi anamaliza mana kwa uchawi mitatu anakaa chini kupumzika, levo za juu mana haimaliziki. Pima kwa mapambano: aweze kupigana mapambano mangapi mfululizo kabla ya kupumzika? Sisi matatu, levo zote. Kwa hiyo bei ya uchawi ipande pamoja na ghala la mana.

Hatua ya 6: mavazi yasimeze klasi

Kwenye geimu ya mtandao ya World of Warcraft zamani kulikuwa na watu wanasimama levo 19 makusudi, wanamvalisha mhusika vitu bora kabisa vinavyoruhusiwa, halafu wanaingia viwanjani kuwachinja wageni wa levo hiyo hiyo. Levo za chini kitu kimoja kizuri ni nusu ya nguvu zako, ndio maana. Amua tangu mwanzo mavazi na silaha vinachangia kiasi gani cha nguvu yote, mimi nasema isizidi asilimia 30 kwa levo yoyote, halafu hesabu kila kitu kipya unachoongeza dhidi ya mpaka huo. Ukipata uvivu hapa namba zitavimba. Hiyo World of Warcraft ilibidi mwaka 2014 wazikate namba zote kwa sababu zilishakuwa ndefu mno, na mwaka 2020 wakaishusha levo ya juu kutoka 120 hadi 60.

Hatua ya 7: pima kwa masaa, halafu jaribu

Usidhani levo 25 ni katikati ya safari ya 50. Geimu ya RuneScape ni mfano mzuri: kufika levo 99 unahitaji pointi 13,034,431, na levo 92 ni 6,517,253. Nusu ya safari ni 92! Kwa hiyo angalia wachezaji wako wanakaa wapi kwa masaa, na pale ndipo upange kwa umakini mkubwa zaidi. Kwetu watu walikuwa wanakwama levo 12 mpaka 18, nami nilikuwa napoteza usiku kupanga levo 50 ambayo alikuwa kaifikia mtu mmoja, kijana wa Mtambile, sijui analala saa ngapi.

Kujaribu, andika skripti fupi, yaani programu ndogo, kwa lugha ya kompyuta ya Python, mapambano 1,000 kwa kila jozi ya klasi, kwenye levo 1, 5, 10, 20, 35 na 50. Nami nilikuwa naiacha inahesabu naenda kununua boflo, narudi umeme umekatika, naanza upya, kwa hiyo ifanye ihifadhi majibu kila ikimaliza levo moja. Klasi mbili zikiwa kati ya 45 na 55 kwa mia, nzuri. Ukitaka mmoja amshinde mwenzake kwa makusudi, kama RuneScape ilivyo na pembetatu yake, upanga unashinda upinde, upinde unashinda uchawi, uchawi unashinda upanga, ruhusu 60 kwa 40, isizidi, na hakikisha pembetatu inageuka hivyo hivyo kwenye kila levo. Mpiganaji anaeshinda mchawi levo 10 na kushindwa nae levo 40 amedanganywa.

Skripti haijui watu lakini. Watu wanakimbia, wanajificha, wanaita ndugu zao. Weka na daftari la geimu yenyewe: nani kafa, klasi gani, levo gani, na levo gani aliacha kuingia. Safu hiyo ya mwisho inasema kweli kuliko malalamiko yote ya barazani, maana anaelalamika bado anacheza.

Kubadilisha bila kugombana na watu

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, asilimia 5 mpaka 10, subiri wiki. Kabla hujapunguza, hesabu ukingo wa hatua ya 3. Anza kwa kumuinua dhaifu kabla ya kumshusha mwenye nguvu, ila ukiinua kila mara wanyama wa msituni watakuwa mteremko, kwa hiyo baada ya kuinua mara mbili tatu rudi uwape na wao uhai.

Ukilazimika kumshusha mtu, mwambie siku mbili kabla, na umruhusu agawe upya pointi zake zote bure. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza. Nilimshusha mchawi usiku wa manane, asubuhi simu ina ujumbe sitini na nne, mmoja ulikuwa wa mama yangu mdogo anauliza nimemfanyia nini mwanawe mpaka hataki chai.